Damu Yangu Ndani ya Papa Yako

Siku ya soko pale Mushaki, hata sindano haina mahali ya kuanguka. Huku viazi, kule maboga, fromage, jibini za Masisi, zimepangwa juu ya majani, wenye pikipiki wanapiga klakson sawa wenye wazimu, mama mumoja anafukuza kuku yake yenye imekata kamba. Na katikati ya ile fujo yote Merdi anatembea na bluzi yake nyeupe ya infirmier, muuguzi wa hopitali, anaangalia wazee ku tumbo.

Haki ya Mungu, ku tumbo. Akiona muzee wa mvi mwenye kuvuta tumbako, anapunguza hatua, anamuzunguka, anamusalimia na heshima. Wengine walishamukimbia. Walifikiri anauza dawa ya minyoo.

Njo akafika mbele ya duka moja ya mulango wa kijani. Ku mulango, muzee amekaa juu ya kasha, kiko mu mudomo, koti ya sufi mpaka shingo. Ndani, binti anapima sukari. Amevaa liputa, kitenge ya njano yenye ndege wa bluu, kitambaa ya kichwa imelala upande sawa inataka kuanguka lakini haianguke. Merdi akasahau wazee kidogo.

"Kaka, unataka nini?" binti akauliza.

"Ninatafuta tumbo ya Papa yako."

Kijiko ya sukari ikasimama hewani. "Unasema aje?"

"Tumbo yake. Kwa dakika kidogo tu. Nitairudisha."

"Ee Maria! Wengine wanakujaka kuomba binti, wewe unaomba tumbo ya baba?"

"Binti nitamuomba kisha. Kwanza tumbo."

Watu wa karibu wakakufa na cheko. Binti akajifanya anakasirika, lakini sukari ilishamwangika ku meza.

"Unaitwa nani, wewe wa matumbo?"

"Merdi. Muntu wa Itebero."

"Itebero ya Walikale? Kule ndani ya pori?"

"Kule kule. Na wewe?"

"Kasoki. Na yule unataka kubeba tumbo yake ni Papa Édouard, na anasikiaka vizuri sana."

Muzee akatoa kiko mu mudomo. Alikuwa Munande wa Butembo, mucuruzi tangu ujana, mwenye hili duka na lori ya Fuso. "Muntu wa pori anataka kunipasua?"

"Hapana, Papa. Hakuna kisu. Ku hopitali tunapakaa tu mafuta ya baridi, tunapitisha kamashini juu ya tumbo, tunaona mushipa. Kisha tunakupatia sabuni."

"Sabuni ya kufua ao ya kuoga?"

"Ya kuoga, Papa."

"Kasoki, lete kofia yangu."

Sikia sasa juu ya nini ile mambo ya matumbo. Ku hopitali ya mission, pale juu ya kilima, kulikuwa Dokta Chantal, mutoto wa Masisi mwenye alisoma mbali na akarudia. Alirudia na makasha, na ndani ya makasha kulikuwa kazi yenye haijafanyikaka ku barabara yetu. Kuko mushipa mukubwa wa damu wenye unashuka katikati ya tumbo. Kwa wazee wenye kuvuta tumbako, wakati mwingine unavimba polepole, bila kuuma, mpaka siku moja unapasuka, na muzee anakufa mbele ya watu wake kujua ni nini. Wengine wanasemaka amerogwa.

"Mbele, tulikuwa tunapasua tumbo toka juu mpaka chini," Dokta Chantal alikuwa anawafundisha. "Wengi wanafia pale pale. Sasa tutatoboa kidogo tu hapa, fasi paja inaungana na tumbo. Kapipi kembamba kanapanda ndani ya mushipa. Kwanza tunavimbisha balo ndogo, sawa puto, juu, damu isimame. Kisha tunafungua nguo ngumu yenye inafunika fasi mubovu toka ndani. Muzee anabaki macho wazi, anazungumuza na sisi."

Lakini ile kazi haingojake. Inataka kila muntu ajue fasi yake: nani anabeba, nani anawasha gurupe, mashini ya kutoa umeme, nani anashika mashini yenye inaona ndani ya mwili, nani anaita wenye kutoa damu. Juu frigo ya damu hawakuwa nayo. Frigo yao ilikuwa watu. Walishapima damu ya watu wa pale karibu, wanajua nani anaweza kumupatia nani, na wakati ikikuja, muntu anaitwa na simu, anakimbia, analala, anatoa. Na Merdi njo alikuwa mwenye kuita. Yeye vilevile damu yake ilikuwa ile yenye inaingia kwa kila muntu.

Basi Papa Édouard akalala, akalalamika juu ya mafuta ya baridi, akauliza sabuni iko wapi. Merdi akapitisha kamashini. Mukono yake ikasimama. Pale ku ekrani, fasi angeona kitu sawa kidole, aliona kitu sawa ngumi, inapiga, inapiga, inapiga.

"Kuko nini?" Kasoki akauliza.

"Nitaita Dokta."

Sauti yake ya kuchekesha ilishapotea, na Kasoki akaijua palepale.

Dokta Chantal hakuficha kitu. Mushipa umevimba sawa mupira wa ndani wa gurudumu yenye kuchoka. Inafaa aende Goma kwa mashini kubwa ya picha, kisha watamutengeneza polepole bila haraka. Lakini barabara ya Sake, yenye inaenda Goma, ilikuwa imefungwa. Wenye bunduki walikuwa upande huu, wenye bunduki wengine upande ule, na katikati hakuna hata pikipiki yenye ilikuwa inapita.

"Basi tutafanya nini?" Kasoki akauliza.

"Tutajitayarisha," Dokta akajibu. "Kama vile tungekuwa tunamungojea kesho."

Toka ile siku Merdi akawa anashuka ku duka kila mangaribi kupima damu ya muzee inasukuma na nguvu gani. Kupima yenyewe ni kitu ya haraka. Yeye alikuwa anabaki mpaka giza.

"Bado hujamaliza?" Papa Édouard alikuwa anauliza.

"Kasoki naye inafaa nimupime, Papa. Mapigo yake haiko sawa."

"Yangu inapiga sawa kama hauko. Ukiingia njo inaharibika," Kasoki anajibu, na muzee anakohoa kohoa ya kufukuza muntu.

Usiku simu.

"Merdi, umelala?"

"Nitalala aje na wewe umeiba usingizi yangu?"

"Bongo tu, uongo. Infirmier wote wako na bongo."

"Chérie, kama ni bongo, bluzi yangu ibadirike rangi."

"Ilishabadirika, haujaifua tangu juma moja." Kisha sauti inashuka. "Papa anasema mugongo. Ni kitu?"

Na pale mapenzi inanyamaza, Merdi anakaa kitako juu ya kitanda. "Wapi ku mugongo? Chini? Anatoka jasho? Hapana? Basi ni magunia tu alibeba. Mukataze magunia. Na tumbako."

Kasoki alificha tumbako. Muzee akatafuta nyumba yote, akafungua mpaka bidoni ya mafuta.

"Kasoki, tumbako yangu?"

"Dokta amekataza."

"Na huyu kijana wako wa pori?"

"Huyu Dokta hajamukataza."

Ku hopitali, walikuwa wanafanya mazoezi mpaka wagonjwa wenyewe wakajua kila kitu. Dokta anapiga firimbi, watu wanakimbia. Siku moja Kasoki akajitoa kuwa mugonjwa wa mazoezi. Akalala ku brankare, kitanda ya kubebea wagonjwa, na liputa yake nzuri ya zambarau, wakamubeba mbio mpaka mu sale, chumba ya kupasulia, na Merdi akavaa ile tabliye nzito yenye kuzuia miale ya mashini.

"Iko ya nini ndani, vile inakuinamisha?" Kasoki akauliza, amelala.

"Risasi."

"Basi uivae ku barabara ya Sake. Huku ndani utaivaa juu ya nini?"

Wote wakacheka, hata Dokta. Kisha kule nyuma ya vilima, mbali kidogo, kitu ikalia *buum*, na cheko ikakatika.

"Toka mwanzo," Dokta akasema. "Mulichelewa ku mulango."

Papa Édouard alikuwa ameshamukataa Merdi mara mingi. "Kupima, ndiyo. Binti, hapana. Mimi nimulee Kasoki mu Butembo, kisha nimupeleke mu pori akule kima?" Lakini Kasoki alirithi kichwa ya baba yake. Aliacha kuzungumuza naye. Anapima sukari, anapika, anafua, bila neno. Mucuruzi anaweza kukosa mukate, hawezi kukosa mazungumuzo. Kisha ya juma moja muzee akapiga meza: "Lete watu yako, wee wa matumbo. Niwaone."

Merdi hakuwa tena na baba wala mama. Alikuwa na baba mudogo, Papa Polycarpe, mwenye alimulea kule Itebero. Muzee yule alitembea na miguu kupita pori na vilima, akalala fasi wenye bunduki walimulalisha, mpaka akatokea Mushaki na bottes, viatu virefu za mupira, koti nyeusi ya suti, msalaba ku shingo. Alikuwa katekista. Lakini ku mikono alikuwa na alama za chanjo za zamani za kwao, na hakuna siku alizificha.

Siku ya kujijulisha, jamaa mbili kuonana juu ya ndoa, Kasoki alivaa ile liputa ya njano. Merdi alivaa shati nyeupe ya kuazima, kola inamukaba. Ku salon ya Papa Édouard, nyuma ya duka, wakapanga Fanta na nyama ya kuchoma. Nje vita ilikuwa imesogea; mabomu inasikilika upande wa Kirolirwe, na watu walikuwa wanapita ku barabara na magodoro ku kichwa. Lakini katika salon wazee walikuwa wanasalimiana polepole, sawa vile wazee wanafanya, mpaka unataka kulia.

"Tumeona ua katika nyumba hii," Papa Polycarpe akaanza.

Papa Édouard akafungua mudomo ajibu. Hakujibu. Akashika mugongo. Sura yake ikawa ya majivu, jasho ikatoka sawa mvua, Fanta ikaanguka, kisha yeye mwenyewe akaanguka.

Kasoki akapiga kelele. Merdi alikuwa ameshapiga magoti. Akaweka mukono ku tumbo ya muzee, chini ya koti. Ilikuwa ngumu, na ndani yake kitu inapiga.

"Imepasuka," akasema. "Mulango! Towa mulango!"

Wakang'oa mulango wa kijani ku bawaba, wakamulaza juu, wakapanda kilima mbio, Merdi na simu ku sikio. "Dokta, ni Papa Édouard. Ndiyo. Si mazoezi. Si mazoezi!"

Na pale juu kila muntu alikuwa fasi yake. Gurupe ilikuwa inanguruma. Taa zinawaka. Mashini imefunguliwa. "Musimujaze maji!" Dokta analalamika. "Damu yake isukume kidogo tu, ya kutosha kuongea. Papa Édouard, unanisikia? Unaitwa nani?"

"Umeniita… mwenyewe," muzee akajibu na sauti ndogo. "Na unaniuliza?"

"Muzuri. Endelea kunitukana."

Wakamupiga ganzi pale tu ku paja. Kapipi kakaingia. Merdi akatoka nje kuita damu.

Simu ya kwanza: namba haipatikane. Ya pili: muntu alishakimbia na watoto yake. Ya tatu, mama analia, "Tuko mu njia, mutusamehe." Kanyamibwa tu, muchunga wa ng'ombe wa Kirolirwe, mwenye kukimbilia Mushaki na mifugo yake tangu jana, akafika anahema, fimbo ku mukono. Akalala, akatoa, akauliza chai. Chupa yake ikaingia kwa muzee yote.

Infirmière akatokea ku mulango. "Balo iko juu, damu imesimama. Lakini Dokta anataka chupa ingine. Sasa, Merdi. Wewe."

Merdi akaanza kukunja shati. Njo mukono mumoja, muzito, ukamushika.

"Unaenda kufanya nini?" Papa Polycarpe akauliza.

"Kumupatia damu."

"Damu yako? Ndani ya mwili wa huyu muzee?" Uso wa baba mudogo ulibadirika. "Merdi. Wewe ni mutoto wa kwetu. Wazee wakichanjana na kuingiziana damu, wanakuwa nini?"

Merdi akaangalia mulango wa sale.

"Wanakuwa nini?"

"Ndugu."

"Na watoto yao?"

"Hawaoane."

"Wewe unaingiza damu yako ndani yake. Anakuwa baba yako, kushinda mimi. Binti yake anakuwa dada yako." Sauti yake haikuwa ya kutisha, ilikuwa ya kuomba. "Marehemu baba yako alioa fasi kulikuwa damu kama hiyo. Walimwambia, akacheka. Mama yako alizika watatu mbele ya kukuzaa wewe. Mimi njo nilichimba. Sitachimba tena."

Merdi alisoma. Alijua ile damu inafanya nini na haifanye nini. Lakini alijua vilevile yale makaburi matatu, nyuma ya nyumba, fasi mama yake hakuwaka anapitisha fagio.

Kasoki akatoka mbio toka mu korido, kitambaa imeshaanguka, nywele wazi. Akamukuta amesimama, mukono wa shati umekunjwa nusu.

"Wanakungojea! Merdi! Na wewe umesimama?"

Akaangalia baba mudogo.

"Ni juu Papa alikuita muntu wa pori? Ile? Unamulipisha leo?"

"Hapana, Kasoki…"

"Basi ni nini? Sema!"

Angesema nini? Kwamba akiingia pale, anamupoteza yeye? Angemupatia huyu binti ile mizigo, achague kati ya baba na bwana?

"Sikujua uko muoga," Kasoki akasema. Alisema polepole, na hiyo iliuma kushinda kofi.

Merdi akamuangalia vizuri: zile ndege za bluu, alama ya machozi ku mashavu, kidole chenye kushika ukuta. Aliangalia sawa muntu anajaza mufuko kwa safari. Kisha akatoa mukono wake polepole mu mukono ya baba mudogo.

"Nisamehe, Papa," akasema, na akaingia.

Wakamulaza karibu na muzee, mita moja hivi. Damu ikatoka, nyeusi-nyeusi ndani ya kapipi, ikajaza kachupa, wakaibeba moto-moto upande ule. Kule Dokta alikuwa anaangalia ekrani. "Polepole. Polepole… fungua." Ile nguo ikafunguka ndani ya mushipa sawa mwavuli. Nje bomu ikaanguka karibu sana, madirisha ikalia, taa ikayumba. Hakuna muntu aliacha fasi yake.

"Unalia?" infirmière akamuuliza Merdi chini-chini. "Juu ya sindano?"

"Ndiyo," Merdi akajibu. "Juu ya sindano."

Muzee aliishi.

Kesho yake alikuwa anakunywa uji na anauliza nani anauza ku duka. Ku paja alikuwa na kafasi kadogo ka kutoboa, sawa aliumwa na mududu. Watu walikuwa wanakuja kuangalia, wanarudia wanatikisa kichwa.

Kasoki alimutafuta Merdi kila fasi. Akamukuta nyuma ya sale, anafua tabliye.

"Nilikutukana," akasema. "Ulikuwa unaogopa tu sindano, na mimi nikakutukana. Nisamehe, mupenzi."

"Hakuna neno, dada Kasoki."

"Dada?"

"Papa aendelee kukunywa maji mingi. Asibebe kitu."

"Merdi, unaniita dada?"

Akapita na ndoo yake. Usiku akamupigia simu: Merdi akakata. Akapiga tena: "Dada, niko ku kazi." Akapiga tena, akalia bila kusema kitu, na Merdi vilevile alishika simu ku sikio bila kusema kitu, mpaka umeme ya simu ikaisha.

Ilikuwa mubaya hivi juma yote. Barabara imefungwa, Papa Polycarpe hakuweza kurudia Itebero, alikuwa anakaa mu kiwanja ya hopitali, anasali rozari na anaangalia binti ile akipita na macho yenye kuvimba. Mwishowe Kasoki akasimama mbele yake, mikono ku kiuno.

"Papa, mutoto yako ananiita dada. Mimi sina kaka mwenye anaitwa Merdi. Unieleze."

Muzee akamueleza yote: damu, undugu, makaburi matatu. Kasoki akakaa chini mu vumbi na liputa yake safi.

"Alijua?" akauliza. "Mbele ya kuingia, alijua?"

"Alijua."

"Na akaingia."

"Akaingia."

Hakulia. Alisimama, akashika mukono ya muzee, akamukokota mpaka mu chumba cha wagonjwa, na njiani akamuita Merdi na sauti yenye haikatalike. Kanyamibwa alikuwa pale, amekuja kuangalia kama damu yake inakaa muzuri. Papa Édouard akasikiliza habari yote, mito miwili nyuma ya mugongo.

"Mambo ya kishenzi!" akasema. "Mimi ni Mukatoliki. Damu ni damu."

"Basi na mimi niko mutoto wako," Kanyamibwa akasema. "Ng'ombe zangu zikuite babu?"

Watu wakacheka, isipokuwa watatu.

"Papa, cheka tu," Merdi akasema. Alisimama ku mulango, kofia mu mikono. "Mimi pia ku shule nilicheka. Lakini siwezi kumuoa Kasoki na huyu muzee mwenye alinilea anangojea kaburi kila siku tunazaa. Sitamuweka Kasoki mu nyumba ya woga. Nitakuwa tu mutoto wako. Nitakuhudumia."

Papa Édouard akamuangalia wakati murefu.

"Siku ile nilikuwa macho wazi," akasema. "Nilikuona unalia. Nikasema moyoni: angalia muntu wa pori, anaogopa kasindano." Akapangusa mudomo. "Haikuwa sindano."

"Hapana, Papa."

Muzee akageukia Papa Polycarpe. "Wewe katekista. Kwenu hakuna njia ya kutoka? Hata gereza iko na mulango."

Papa Polycarpe akazungusha rozari ku vidole. "Njia iko. Tulikuwa nayo kwetu mbele ya mimi kuzaliwa. Undugu kama huu unaweza kuuawa. Lakini ni mwenye alipokea damu njo anatoa mbuzi. Anaitoa na mukono yake, bila kusukumwa. Inapasuliwa katikati. Watu wake wanakula upande wao, watu wa kijana wanakula upande wao. Hawaangaliane mpaka niseme imekufa."

"Juu gani hukusema?" Kasoki akalalamika.

"Ningemuambia nani? Baba yako anaita mambo yetu ya kishenzi, angetoa mbuzi?"

"Ngoja," Papa Édouard akasema. "Ngoja kidogo. Mimi njo niko na binti. Kwetu Butembo, ni kijana njo analeta mbuzi. Nyingi! Na munaniambia mimi nitoe?"

"Wewe."

"Watanicheka mpaka Beni."

"Watakucheka ukiwa muzima," Kasoki akasema.

Muzee akafunga macho. Mabomu yalikuwa yamenyamaza tangu asubuhi, ulisikia tu gurupe na watoto wenye wanacheza.

"Kanyamibwa," Papa Édouard akasema, bila kufungua macho. "Kwenye mifugo yako kuko mbuzi?"

"Kuko moja. Iko na kichwa ngumu."

"Njo yenyewe. Tutaelewana bei kisha, mimi na wewe ni ndugu. Undugu wetu sisi wawili usiuawe."

Dokta Chantal alipoona mbuzi inaingia ku hopitali yake, alipiga firimbi, na infirmiers wote wakakimbia ku fasi zao. Walimueleza. Akaangalia mbuzi, akaangalia mugonjwa wake amekaa ku kiti ku baraza, blanketi ku magoti, kamba ku mukono, anatetemeka lakini hakubali muntu amusaidie. "Nyuma ya jiko," akasema. "Na mugonjwa wangu asikule mafuta."

Muzee akatoa kamba na mukono yake, mbuzi ikapasuliwa katikati, wakawasha mioto miwili. Upande huu Papa Édouard, Kasoki, na Kanyamibwa mwenye alisema yeye ni ndugu kwa hiyo anakula huku. Upande ule Papa Polycarpe na Merdi. Katikati vumbi tu, hatua kidogo, na hakuna mwenye alikuwa na ruhusa ya kuivuka, hata na macho. Merdi alikula kichwa chini. Nyama ilikuwa ngumu sawa ngozi ya kiatu. Alisikia liputa ya Kasoki inasugua majani, akasikia anatafuna, anakohoa, akaona kivuli yake inagusa ncha ya kiatu yake, na hakuinua kichwa. Baba mudogo alikuwa anasema maneno ya zamani polepole, katika luga ya kwao, na hayakuwa yamefika mwisho.

Na pale pale, bila kungoja, Kasoki akainua macho. Merdi akaisikia ku ngozi, sawa jua, na akainua ya kwake.

"Bado!" Papa Polycarpe akapiga kelele. "Bado, nyinyi watoto! Haijakufa! Bado!"